Polisi walete chupa ya sumu, si faili la mtu

Mhariri,

Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alifuta kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kile kilichomhesabu kila aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Jaji alikubaliana na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kwamba kifungu hicho kilibagua watu kwa sababu ya afya yao, kikawavunjia utu na kuwaweka mbali na matibabu. Mengi yamesemwa kuhusu uamuzi huo. Karatasi hazijaguswa. Vitabu vya OB, yaani vitabu vya matukio vya polisi, vilivyoandikwa wakati kifungu kikiwa hai vingali kwenye makabati ya vituo, na habari za mgonjwa bado husafiri kati ya kaunta ya polisi na kitanda cha hospitali kwa mazoea tu: simu ya afisa, neno la mdomo, picha ya WhatsApp.

Sisi tunaoandika tuko upande wa hospitali. Hatusemi polisi na daktari wasizungumze. Usiku wa dharura wasipozungumza mtu hufa. Tunachosema ni kwamba polisi ampe daktari habari za tukio, si historia ya mtu, naye daktari amrudishie polisi jibu la swali aliloulizwa, si jina la ugonjwa.

Tuanze na kasualti. Mtu ameshushwa kutoka nyuma ya gari la polisi, hasemi, au anasema yasiyoeleweka. Daktari wa zamu anataka kujua alipatikana wapi na saa ngapi, na mara ya mwisho kuonekana akiwa mzima ilikuwa lini. Anataka kujua alichomeza, na chupa au pakiti yake iko wapi. Aligongwa kichwa au alianguka? Amekaa na pingu kwa muda gani? Alilazwa kifudifudi garini? Alirushiwa gesi ya kutoza machozi? Ana vidonge mfukoni? Anaelewa lugha gani, na ni nani wa kwao anayeweza kupigiwa simu?

Maswali haya si ya udadisi. Dawa ya kunyunyizia mboga ya jamii ya oganofosfeti hutibiwa kwa atropini, na dozi hurudiwa mpaka majimaji ya mapafuni yakauke. Parakwati, ile ya kuua magugu, ina masharti yake: oksijeni ambayo wauguzi humkimbizia kila mgonjwa huweza kuzidisha uharibifu wa mapafu, kwa hiyo huzuiwa hadi kiwango cha oksijeni katika damu kishuke mno. Parasetamoli nayo ni mdanganyifu. Siku ya kwanza mgonjwa huonekana hana neno ilhali ini linaharibika. Damu hupimwa kuanzia muda wa saa 4 baada ya kumeza, na dawa ya kulikinga ini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kabla ya saa 8 kupita. Saa iliyoandikwa na konstebo kwenye kipande cha karatasi ndiyo inayoamua hesabu hiyo. Na chupa ina thamani kuliko kurasa kumi za OB, ila mara nyingi hubaki kituoni kama kielelezo. Iletwe ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa vielelezo, au basi ipigwe picha lebo yake. Lebo, si mgonjwa.

Kuna na hili. Mtu aliyeokotwa kando ya barabara akipiga kelele anaweza kuwa sukari yake imeshuka, malaria imempanda kichwani, ana homa ya uti wa mgongo, damu inavujia ndani ya fuvu, au ni mlevi wa siku nyingi aliyekosa pombe kwa siku mbili. Kupima sukari huhitaji tone moja la damu na muda usiofika dakika moja. Lakini neno "kichaa" likitangulia mlangoni, kipimo hicho husahauliwa, na mgonjwa hudungwa sindano ya kumtuliza kabla ya kujulikana anaumwa nini. Maneno ya afisa mlangoni ni sehemu ya matibabu, apende asipende. "Tumemkuta saa 2 usiku, alikuwa amemrushia jirani jiwe likampata begani, hakuwa na silaha, tumempekua" ni habari ya kufanyia kazi. "Huyu ni hatari, tunamjua" haimsaidii mtu yeyote.

Wauguzi wenzetu huuliza, na wana haki: je, kama mtu huyu ana historia ya kupiga watu? Afisa anayemleta akijua kwa hakika kwamba amewahi kumjeruhi mhudumu wa afya, au kujaribu kujinyonga seli, aseme, na ataje lini na ilikuwaje. Hilo linamsaidia muuguzi kuchagua kitanda cha kumlaza na nani akae naye. Lakini kukamatwa na chang'aa miaka tisa iliyopita, ugomvi wa shamba na ndugu zake, kesi ya matunzo ya mtoto, kabila, mahali anaposali, hayo daktari hayahitaji. Hali yake ya virusi vya Ukimwi ndiyo kabisa: sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kuifichua, na afisa aliyeisikia kwa majirani hana sababu ya kuipeleka mbele.

Tunapendekeza karatasi moja ya makabidhiano, nusu ukurasa, yenye nakala ya kaboni. Ibebe yale maswali ya juu na nafasi ya majibu mafupi, nambari ya utumishi ya afisa, jina la muuguzi aliyepokea, saa na sahihi mbili. Nakala ya kwanza iingie katika faili la mgonjwa. Ya pili ikae kituoni kwenye faili lake la kufungiwa, si ndani ya OB. Kwenye OB iandikwe sentensi moja tu: mtu mzima mmoja amepelekwa hospitali fulani kwa matibabu, karatasi ya makabidhiano nambari fulani. Yasiandikwe "jaribio la kujiua" wala "mgonjwa wa akili" wala lile neno baya la "mwendawazimu", kwa kuwa afisa hana ujuzi wa kupima akili, na OB husomwa na watu wengi: maafisa wa kila zamu, mawakili, hata mwandishi wa habari mwenye rafiki kaunta.

Tatizo la OB halisemwi vya kutosha. Ni kitabu kinachojazwa kwa mfuatano wa saa, hivyo ukurasa mmoja huwa na mambo ya watu kadhaa. Ukipiga picha maelezo ya mgonjwa wako, umebeba pia msichana aliyekuja kuripoti kunajisiwa saa moja kabla yake na mzee aliyepoteza kitambulisho saa moja baadaye. Picha yenyewe imepigwa kwa simu ya afisa, simu yake binafsi. Inabaki ndani ya simu, inanakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila yeye kujua, na kama imepitia kundi la WhatsApp basi iko pia katika simu ya kila mwanakundi, pamoja na aliyehamishwa kituo na aliyeacha kazi. Kufuta kwa aliyetuma hakuondoi kile ambacho wengine wamekwisha kukihifadhi. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema. Mtungi wa siku hizi una kata mia mbili na hamsini.

Sasa upande wetu, maana lawama si za polisi peke yao.

Habari ikiingia katika faili la hospitali haitoki. Afisa wa kliniki anaandika: "Kwa maelezo ya polisi, inadaiwa aliiba pikipiki." Daktari wa wodi ananakili kwa haraka asubuhi: "Alikamatwa kwa wizi." Miezi sita baadaye mgonjwa anarudi, na kwenye muhtasari wa kurasa zilizopita kumebaki neno moja, "mwizi". Neno "inadaiwa" ndilo la kwanza kuanguka njiani. Baada ya hapo akilalamika maumivu ya tumbo anaonekana anatafuta njia ya kutoroka, na akikataa dawa anafungwa kitandani mapema kuliko mwenzake. Dawa ya ugonjwa huu ni ya kikarani tu. Yaliyotoka kwa polisi yaandikwe ndani ya alama za kunukuu, jina la cheo na saa vikitajwa, kwenye karatasi ya makabidhiano peke yake, na yasinakiliwe kwenye muhtasari wala jalada. Anayeyahitaji atafunua karatasi hiyo. Hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inaelekea kuunganisha rekodi za hospitali kote nchini. Kosa la karani wa kaunti moja litamtangulia mgonjwa kaunti ya pili.

Jambo jingine ni afisa anayesimama ndani ya chumba cha daktari wakati mgonjwa anahojiwa. Mara nyingi hakuna anayemwambia atoke. Mgonjwa hatasema anasikia sauti, hatasema alipigwa, hatasema bangi anavuta kiasi gani, mbele ya mtu aliyemfunga pingu. Asiposema, tunakisia. Afisa akae nje ya mlango, mahali anapoona kupitia kioo lakini hasikii. Kama kuna hofu ya kweli ya vurugu, aingie mhudumu wa hospitali. Ikilazimika kabisa polisi awe ndani, daktari aandike ni nani aliyeamua hivyo na kwa sababu gani, na maswali ya siri yangoje.

Hospitali imrudishie nini polisi? Kwa mtu ambaye hakushtakiwa, jibu ni fupi: amepokewa, saa fulani, na fulani. Basi. Afisa akipiga simu kesho yake kuuliza "kumbe ana nini yule?", hata kwa nia njema, jibu ni kwamba yuko chini ya uangalizi. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 11, inahesabu hata ule ukweli wenyewe kwamba mtu amelazwa kuwa siri, na milango inayoifungua ni michache: idhini yake ya maandishi, amri ya mahakama au sheria nyingine inayolazimisha, au hatari kubwa kwa afya ya umma. Udadisi wa kituo haumo, na cheo cha anayeuliza hakiongezi mlango.

Kwa mshukiwa anayerudishwa seli mambo ni magumu zaidi, na hapa watu hufa kwa kukosa habari, si kwa kuzidi kwake. Anayemeza dawa za kifafa akikatiziwa ghafla huweza kuanguka na kutetemeka mfululizo bila kuzinduka. Anayetumia lithiamu asiponyweshwa maji ya kutosha, au akiharisha seli, dawa hiyohiyo hugeuka sumu mwilini. Aliyedungwa sindano ya haloperidoli huweza shingo kukakamaa na macho kupinduka saa chache baadaye, na askari akadhani anaigiza. Kwa hiyo mkuu wa kituo lazima apate maagizo, ila yawe maagizo ya kutenda: bahasha za dozi zilizoandikwa siku na saa, "moja asubuhi baada ya chai, mbili usiku", apewe maji lita mbili kwa siku, akitapika, akitetemeka au shingo ikikakamaa arudishwe hospitalini mara moja, kliniki ni tarehe fulani. Majina ya dawa na ya ugonjwa yawe kwenye barua iliyofungwa, juu yake pameandikwa "Ifunguliwe na mhudumu wa afya". Ukiacha jina la dawa kwenye bahasha ya dozi, afisa wa zamu atalitafuta kwenye simu, na kufikia saa ya chakula cha mchana seli nzima inajua. Ukiliacha kabisa bila kuliandika popote, daktari wa hospitali ya pili hatajua pa kuanzia. Barua ya kufungwa inatatua yote mawili kwa gharama ya bahasha moja.

Kisha kuna uchunguzi wa akili kabla ya mshukiwa wa mauaji kujibu mashtaka, jambo ambalo wasomaji hulisikia kila wiki kwenye habari. Pale daktari si tabibu wa mtu huyo; amepewa swali na anatakiwa kulijibu. Swali ni kama mtu anaelewa anashtakiwa kwa nini, anaweza kufuata kesi, na anaweza kumwelekeza wakili wake. Daktari amwambie mapema kwa lugha anayoielewa: "Mimi leo sikutibu, na utakayoniambia naweza kuyaandika kwenye ripoti." Ripoti ijibu swali hilo kwa kurasa mbili na iishie hapo. Kuna ripoti zinazosimulia talaka ya mama yake, mimba iliyotoka na majina ya dada zake, mambo ambayo mahakama haikuyauliza na ambayo yakisomwa mbele ya umma hayarudi tena. Na pawezekanapo, daktari anayemtibu mtu asiwe ndiye anayemchunguza kwa niaba ya mahakama. Katika kaunti yenye daktari mmoja wa magonjwa ya akili, au isiyo naye, hilo ni gumu. Ndiyo maana onyo la mwanzo lazima litolewe na liandikwe.

Ugumu wa kweli uko kwenye vitisho. Mgonjwa anasema wodini kwamba akitoka atamchoma shemeji yake kisu, na usiku anatoroka. Sheria ya 2017 inataja hatari kwa afya ya umma, haimtaji shemeji. Hilo kwa maoni yetu ni pengo, na Bunge lilizibe. Kwa sasa mhudumu anasimama juu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 30 kinaruhusu kutumia habari za mtu pale uhai wake au wa mwingine unapohitaji kulindwa. Piga simu kituoni. Toa jina, sura na mavazi, kitisho kama kilivyosemwa, jina la anayetishiwa, na mahali anapoelekea. Usitaje ugonjwa, dawa, wala mara alizolazwa, maana hakuna kati ya hayo kitakachomsaidia askari kumpata. Kama dakika zipo, mwulize kwanza mwenzako mmoja. Kisha andika kwenye faili: saa, nambari uliyopiga, nani aliyepokea, ulisema nini, na kwa nini uliona haingoji. Asiyeandika ndiye hujikuta hana la kujitetea, awe alikuwa sahihi au la.

Wapo watakaosema Sheria ya Data haiwagusi polisi. Wanasoma nusu. Kifungu cha 51 kina misamaha ya usalama wa taifa, maslahi ya umma na amri za sheria au mahakama, lakini msamaha una shabaha yake. Kuvaa sare si msamaha. Sheria hiyohiyo inaiweka hali ya afya katika kundi la habari nyeti, na kifungu cha 46 kinataka habari za afya zishughulikiwe na mhudumu wa afya au mtu aliyefungwa na kiapo cha siri. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba anayeomba habari kutoka taasisi nyingine aombe kwa maandishi, aseme anazitakia nini, atazihifadhi muda gani na atazilindaje. Ni lini mara ya mwisho kituo cha polisi kilituma ombi la namna hiyo kwa hospitali ya kaunti, badala ya kumpigia muuguzi anayefahamiana na afisa? Isitoshe, tangu ugatuzi hospitali nyingi ni za kaunti na polisi ni wa taifa. Hizi ni taasisi mbili mbele ya sheria, na kama zinabadilishana habari kila siku zinahitaji makubaliano ya maandishi, si urafiki.

Uingereza wamekwisha kutuonyesha urafiki huo ukirasimishwa unakwenda wapi. Mpango ulioitwa SIM ulianzia Isle of Wight mwaka 2013, kisha ukaenezwa na huduma yao ya afya, NHS, sehemu nyingi za England. Waliokuwa wakipiga simu za dharura mara kwa mara, wengi wao watu wanaojidhuru, waliwekewa polisi ndani ya timu ya matibabu, na habari zao zikapita huku na huku. Aprili 2021 wagonjwa waliungana kwa jina la StopSIM wakaupinga. Machi 2023 NHS England iliziandikia taasisi za afya ya akili kwamba polisi waondoke katika tiba iliyopangwa isiyo ya dharura, na kwamba vitisho vya mashtaka na kunyimwa huduma vikome. Nchi yenye wauguzi wengi kuliko sisi imechukua miaka kumi kufika hapo.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni OB ya kidijitali. Kitabu cha karatasi kina upungufu mmoja wenye rehema, husahau. Hakuna atakayefungua vitabu arubaini kutafuta jina. Kompyuta hulitafuta kwa sekunde, katika vituo vyote, na miaka yote huwa ni jana. Polisi wa Toronto, Kanada, walikuwa wakiingiza kila jaribio la kujiua walilohudhuria kwenye hifadhi ya polisi ya nchi nzima, hifadhi ambayo maafisa wa mpaka wa Marekani huiona. Mwaka 2013 habari zilipoenea kwamba watu walizuiwa kusafiri kwa sababu ya historia yao ya afya ya akili, Kamishna wa Faragha wa jimbo la Ontario alichunguza, na Aprili 2014 akasema kuingiza kila tukio bila kupima ni kosa. Alitaka tukio liingizwe tu pale mtu alipotishia au kufanya ukatili mkubwa dhidi ya wengine, alipotaka kuwachokoza polisi wamuue, alipokuwa na historia ya ukatili mkubwa, au tukio lilipotokea akiwa mikononi mwa polisi. Masharti manne, yanaenea kwenye kiganja. Wanaounda programu yetu wayaweke sasa, kabla orodha ya kuchagua aina ya tukio haijapata mstari unaosema "kujiua". Mstari ukishakuwepo utabofywa, kwa kuwa afisa hubofya kilichopo.

Na yale ya zamani? Kabla ya Januari 2025 kosa la 226 lilikuwa na adhabu ya hadi miaka miwili jela, faini, au vyote. Waliofikishwa mahakamani walichukuliwa alama za vidole, na alama hizo ndizo DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huzitazama mtu anapolipia shilingi 1,050 kuomba cheti cha maadili mema. Kijana aliyeokolewa kutoka kwenye kamba miaka sita iliyopita leo anaomba kazi ya ualimu, na hajui cheti kitasemaje. Inspekta Jenerali anaweza kulimaliza kwa agizo moja kwa vituo vyote. Kurasa za OB zisichanwe, kwa kuwa zina nambari na ni ushahidi wa mambo ya watu wengine. Pembeni ya kila maelezo ya 226 iandikwe kwamba kifungu kimefutwa na habari hii haitolewi. Maelezo hayo yasihamishiwe kwenye mfumo wa kidijitali. Rekodi za alama za vidole zilizotokana na shtaka hilo peke yake ziondolewe.

Agizo lisipotoka, mwananchi asingoje. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Data kinampa haki ya kudai habari zisizo sahihi au zilizopitwa na wakati zirekebishwe, na zile ambazo mwenye kuzitunza hana tena idhini nazo zifutwe. Andika barua kwa mkuu wa kituo, nakala kwa makao makuu ya polisi, peleka mbili na urudi na moja iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Ukitaka kwanza kuona kilichoandikwa, kanuni zinakipa kituo siku 7, bila malipo. Kurekebisha au kufuta, siku 14. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye naye ana siku 90. Afisi hiyo si ya mapambo: Septemba 2023 iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Barua yenyewe iwe na jina lako, nambari ya kitambulisho, tarehe ya tukio na nambari ya OB kama unayo. Kama huna, tarehe na zamu zinatosha, kwa sababu kitabu kimeandikwa kwa mfuatano wa saa na karani atalipata. Taja kifungu cha 226 na tarehe kilipofutwa. Usiambatishe barua ya kutoka hospitali, kadi ya kliniki wala ripoti ya daktari, hata ukiombwa "ili tuelewe", maana wengi huambatisha, na kituo kilichokuwa na mstari mmoja hubaki na faili zima.

Wahudumu wa afya ya akili,
Nairobi
(Majina yamehifadhiwa kwa mhariri)